Herufi Moja ya Utani

Mtaani walimwita Bi Hakiki, naye hakukasirika, maana jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Katika kiduka chake, kati ya kinyozi na fundi viatu, aliwapakulia watu programu huria, zile ambazo waundaji wake wamezitoa bure kwa yeyote, akawawekea kwenye flashi. Bure ndiyo, lakini mbuzi kwenye gunia hakumpa mtu. Kila programu ina alama yake, msururu wa herufi na tarakimu ambao waundaji huutangaza kwenye tovuti yao. Kompyuta huikokotoa alama hiyo kutoka kwenye faili lenyewe; likichezewa hata kidogo, hutoa alama nyingine kabisa.

Enzi za mumewe, kuhakiki ilikuwa kazi ya wawili. Mume alisoma alama kwenye simu kwa sauti ya mnadani, mke akifuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Na kila mara, wakifika katikati, mzee yule mchokozi alisoma herufi moja ya uongo makusudi.

"Wee! Hapana!" mke angeruka.

"Nilitaka kujua kama bado unanisikiliza, mke wangu."

Miaka yote ile mzee hakumnasa mkewe hata siku moja. Jamani, siku zile zilikuwa tamu.

Sasa mzee hayupo duniani, na anayesoma ni binti yao. Anasoma vizuri, bila mzaha wowote, na usahihi huo ulimuuma mama yake kuliko alivyokubali kusema.

Asubuhi moja muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua programu ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa. Gari lake lilikuwa nje, dereva akipiga honi. Binti, kwa kuona mtandao unasuasua, alikuwa ameipakua kwenye tovuti nyingine yenye kasi.

"Tano, c, tisa..." alianza.

Kwenye kioo ilikuwa e, mbili, saba. Bi Hakiki akaangua kicheko, moyo ukimruka.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka! Ila baba yako alisubiri angalau tufike katikati."

Kwa furaha ile, na honi ile, akachomoa flashi na kumnyooshea muuguzi.

"Mama, sijakutania. Nasoma kilichoandikwa."

Mkono ukabaki hewani. Marehemu alidanganya herufi moja tu. Hapa karibu hakuna iliyolingana. Nusura awapelekee wagonjwa balaa kwa mkono wake mwenyewe.

"Nisamehe, dada," alimwambia muuguzi. "Hii haitoki hapa. Kaa kidogo."

Wakaifuta, wakapakua upya kwa waundaji wenyewe, polepole, muuguzi akiguna kwenye benchi. Binti akasoma tena. Zote zikakaa mahali pake, mpaka katikati.

"Sita."

Kwenye kioo, nane. Bi Hakiki akaigusa nane ile kwa kidole. Akageuka, akamkuta binti anauma mdomo asicheke.

"Nilitaka kujua kama unanisikiliza, Mama."

Bi Hakiki alicheka, kisha akalia, muuguzi asijue ampe pole au acheke naye.

"Nakusikiliza," alisema akijifuta macho. "Haya, soma hiyo nane, mwanangu, na zilizobaki zote."