Bega la Nduta na Bata Mzinga wa Jerop

Nduta wa Kiplombe alikuwa na hakika kwamba anakufa, na sababu ilikuwa bega. Bega la kushoto, upande wa moyo. Lilianza kuuma Januari. Kwanza akashindwa kufunga kitambaa kichwani, halafu kufikia rafu ya vyombo, mwisho hata kuvaa sweta ikawa vita. Akaufunga mkono kwa leso shingoni eti upumzike, akakaa hivyo mwezi mzima. Ukazidi kukauka. Na nani hajui kwamba moyo ukitaka kukuangusha hutuma habari kupitia mkono wa kushoto? Dada yake aliondoka hivyohivyo.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba ndio mkono uliotenda. Nduta hutumia kushoto. Miaka tisa iliyopita, bata mzinga wa jirani yake Jerop alizoea kupenya chini ya ua na kula sukuma wiki yake. Wiki ya Krismasi hasira zikampanda, akarusha kuni. Hakulenga, haki! Lakini kuni ikampata ndege shingoni. Nduta akamtazama. Akatazama ua. Kisha, ai, akaenda kuchemsha maji ya kunyonyolea manyoya. Jioni Jerop alipopita akimwita ndege wake, Nduta akamwambia, “Pole sana, Mama Kimutai. Si uulizie mbwa wa Opiyo?”

Tangu siku hiyo Jerop hakumsalimia Opiyo, fundi wa baiskeli wa hapo kona. Miaka tisa! Mbwa mwenyewe alishakufa kwa uzee, na kununa kukaendelea.

Basi asubuhi moja ya Machi, kabla ya kwenda hospitali, Nduta alivuka kwa Jerop, akakaa kwa stuli jikoni na kusema yote. “Sitaki kufa na hii kitu moyoni, Mama Kimutai.”

Jerop alikuwa anachuja chai. Akaweka sufuria chini. “Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Na ukanipa pole?”

“Nilikupa.”

Jerop akamwonyesha mlango kwa kidole. Nduta akaondoka akilia, lakini amepata nafuu. Angalau angekufa akiwa amesema.

Shida ni kwamba hakufa.

Daktari alimpima moyo kwanza, akausifu. Akamtuma kwa Linet, msichana wa mazoezi ya viungo. Huyu akauliza, “Mama, ukipanda mlima kifua kinabana? Unatokwa na jasho, pumzi inakatika?”

“Hapana. Inauma nikiinua mkono tu.”

Linet akamwambia aulegeze, akajaribu kuuinua yeye mwenyewe. Ukafika usawa wa kifua, ukakwama. “Hili bega limeganda. Mfuko unaozunguka kiungo umekaza. Huwapata sana akina mama wa umri wako, na huu ugonjwa wa sukari ulioandikwa katika cheti chako unachangia. Si moyo, wala si laana. Itachukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, lakini litafunguka. Leso utupe, mama. Kukaa bila kusonga ndiko kulikozidi kulikaza.”

Nduta akacheka, akalia, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Furaha hiyo ilimbeba hadi langoni kwake. Hapo akaona moshi wa jiko la Jerop. Woi! Ametubu kama mtu wa kwenda, na sasa ataishi miaka thelathini ua kwa ua na yule aliyemtubia!

Siku ya nne alikuwa ameweka kitambaa cha moto begani, vidole vinatambaa ukutani kama Linet alivyomfundisha, Jerop akaingia bila hodi.

“Nasikia hufi.”

“Sifi. Nisamehe, Mama Kimutai.”

“Sijakuja kukusamehe. Nimekuja kuona huo mkono unapona, kwa sababu una kazi.” Akachukua makaa, akachora alama juu, karibu na msumari wa kalenda. “Siku ukifika hapa, tunaenda kwa Opiyo, na utasema kwa mdomo wako.”

Basi kila asubuhi Jerop alikuwa hapo. “Panda! Wakati wa kurusha kuni hukulia hivi!” Maumivu yakizidi, yeye mwenyewe alisema basi, akamimina chai. Juni wakagundua wanacheka. Oktoba, vidole vikagusa alama. Nduta akautazama mkono wake kule juu na machozi yakamtoka, ya furaha na ya kumwogopa Opiyo.

Opiyo alisikiliza yote, tairi mapajani, akamgeukia Nduta. “Mama Wanja, si uliniletea sahani ile Krismasi? Ukasema ni kuku.”

“Nilileta.”

“Kuku gani ana paja kama la mbuzi? Nilijua nikiwa bado natafuna.”

“Na ukanyamaza!” Jerop akapiga kelele. “Nimekununia miaka tisa bure, na wewe unajua!”

“Ningesemaje, mama, na sahani nimeilamba?”

Kicheko kikamtoka Jerop, akainama nacho, na alipoinuka akamchapa Nduta kwenye bega, la kushoto, kwa nguvu zake zote.

Nduta akafumba macho akingoja maumivu. Akangoja. Hayakuja.

“Mama Kimutai,” akasema, “hebu nichape tena.”