Pampu Iliyolia Bila Ufunguo

Watu wa Kasulu hawakosi la kusema. Tulipoanza kuunda gari la mashindano nyuma ya nyumba yetu, walisema mdogo wangu amechoka kuishi, na mimi dada yake ndiye ninayemchimbia kaburi kwa plaizi. Niliwajibu vibaya. Mimi na ustaarabu hatujawahi kuelewana.

Gari lenyewe lilikuwa bodi tupu ya gari dogo kuukuu, halina viti vya nyuma wala redio. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukimbia mstari mfupi ulionyooka, ubavuni kuna gari jingine, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Marafiki wa mdogo wangu walikuwa wakikimbizana hivyo Mwanza, naye usingizi ukamwisha.

Injini ilikuwa ya kaka yetu mkubwa, marehemu. Gari lake lilizimika ghafla kwenye mteremko huko Kitahana, njia ya Kibondo, na lori lililokuwa nyuma likashindwa kusimama. Nyuma lilikunjika lote, mbele pakabaki pazima. Kwa nini lilizimika, hakuna aliyejua. Baba ndiye aliyelifuata, akalivuta hadi nyumbani na kulifunika turubai. Likakaa hivyo mpaka siku mdogo wangu aliponiambia, "Dada, injini ya kaka itaoza bure."

Nilimtukana. Kisha nikachukua spana.

Baba ni fundi umeme wa magari, na ufundi wangu wote ni wake. Hajawahi kuona boneti iliyofunguliwa akapita bila kuingiza mkono. Lakini siku nilipochomoa nyaya za kaka na kuzitandaza kwenye mkeka, aliziangalia akiwa mlangoni, akavaa koti lake, akaenda zake barazani. Tangu hapo hakukanyaga karakana. Nikadhani ni uchungu tu.

Injini inayopuliziwa petroli kwa nozeli haitaki kubahatisha. Kila nozeli ina waya wake, na ukichanganya miwili tu, injini inakohoa. Niliondoa nyaya za taa na za redio, nikabakiza zinazoendesha injini. Tanki dogo nikaliweka kwenye buti, pampu ya mafuta pembeni yake, bomba moja la kupeleka petroli mbele na jingine la kuirudisha. Kila kiungo nilikifunga klipu mbili, maana petroli haina msamaha.

Pampu ina sauti yake. Ukifungua swichi kwa ufunguo inalia ziii, kisha inanyamaza. Alasiri moja, mawingu yakipanda kutoka upande wa Buhigwe, ililia. Nilikuwa nimekaa chini nakula muhogo. Fundi wa kuchomelea, Mkongo aliyekuja kwa kibali kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akaacha kazi na kunitazama.

"Dada, pompe inalia. Kontakti iko wapi?"

Nikatoa ufunguo mfukoni, nikamwonyesha. Akafanya ishara ya msalaba, akakusanya vyuma vyake bila haraka, akaondoka. Mvua ikaanguka, na pampu ikaendelea kulia mle kwenye buti.

Nilibadilisha rilei, kile kiboksi kinachoipitishia pampu umeme. Ikalia tena kesho yake, mawingu yalipotokea upande uleule. Kaka alikuwa akifanya kazi Buhigwe, na masika mara nyingi alirudi nyumbani na mvua mgongoni. Sikutaka kuliwaza hilo, lakini nililiwaza. Nasema kweli, niliogopa mpaka nikashindwa kugusa boneti. Mbaya zaidi, pampu inayowaka yenyewe itazima yenyewe, na gari likizima katikati ya mwendo ule halina huruma. Nami nilikuwa nimebakiwa na ndugu mmoja.

Basi nikaufumua mkanda wote wa nyaya, inchi kwa inchi. Nikakuta waya mmoja usiopita kwenye ufunguo kabisa. Ulitoka kwenye betri, ukaenda kwenye swichi ndogo ya kubonyeza, ukarudi kwenye pampu; mwingine wa kuipa pampu umeme haukuwepo. Swichi ilikuwa imeota kutu ndani. Hewa ikilowa inashika, ikikauka inaachia.

Huku kwetu kila fundi mwenye akili humfungia mteja wake swichi ya siri ya kukata pampu, ili mwizi asifike mbali. Siri hiyo ni ya watu wawili, fundi na dereva. Hata mke haambiwi.

Nikaubeba mkanda hadi kwenye mabaki ya gari la kaka, nikaulaza mahali pake. Swichi ikaangukia chini ya dashibodi, juu ya klachi, kwenye tundu lililotobolewa kwa ajili yake. Nikakaa kwenye kiti chake, nikakanyaga klachi kama mtu anayebadilisha gia mteremkoni. Mimi ni mfupi, goti langu halikufika. Kaka alikuwa mrefu kuliko sote; lake lingeibonyeza.

Kiungo kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa kwa kushoto. Mjini Kasulu ninamjua fundi mmoja tu anayefunga kwa kushoto.

Nikaikata swichi, nikaipeleka barazani na kuiweka kwenye mkono wa kiti cha baba. Baba hakushtuka.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ego," akakubali. "Nilijua siku nilipokwenda kulivuta. Nilikuta imezimwa. Mwana wanje, mwambie mdogo wako. Mimi nitashindwa. Asikae kwenye gari asilolijua."

Nilitaka kumfokea. Akaiokota swichi, akaitia mfukoni mwa koti. Nilimwambia mdogo wangu kila kitu, tukalia hapohapo kwenye boneti, kisha nikavuta waya mpya kupitia ufunguo, mbele ya macho yake. Pampu haikulia tena yenyewe.

Lakini baba alilia kwa namna yake. Kila mvua ilipopanda kutoka Buhigwe alikaa barazani, mkono mfukoni, na ukipita karibu unasikia: tak. Kisha: tak. Kuwasha, kuzima. Nywele zilinisimama kila mara, na sikuwahi kumwambia aache.

Siku mdogo wangu alipokimbia Mwanza, mvua ilinyesha kwetu tangu asubuhi. Nilikaa na baba barazani, simu magotini. Wakati wa mbio ulipofika nikasikia swichi mara moja: tak. Nikangoja ya pili. Haikuja. Mkono ulibaki mfukoni, kidole gumba kimekaza kitambaa cha koti, na uso wake ukatoka jasho kwenye baridi ile.

Simu ikaita. "Dada, nimemaliza," mdogo wangu akasema, akihema. "Niko salama. Mwambie baba."

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, lakini hakuiachia swichi izime hadi kijana aliporudi na kuingia ndani ya nyumba.