Gari la Harusi Lilipochechemea

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata nikiwa na sufuria motoni. Ni siku niliyotolewa Palma kupelekwa kwa babu yenu, kijijini Olumbi. Vita vile vya zamani vilikuwa vimekwisha, barabara imefunguliwa, na watu walikuwa na njaa ya harusi. Kaa chini usikilize. Hiyo simu iweke pembeni, haina miguu, haitakimbia.

Tulipanda pikapu ya Saidi, dereva wa mtaani kwetu. Gari lenyewe kuukuu, rangi yake hata mwenyewe alikuwa haijui tena. Nyuma walipanda wanawake na ngoma zao, na masufuria, na kitanda changu cha kamba, na mjomba wangu Bakari amekaa juu ya godoro kama sultani. Mbele tulikaa watatu: Saidi kwenye usukani, mimi katikati, na dirishani somo yangu, Bi Mwanacha. Yeye ndiye aliyenifunda. Yeye ndiye aliyenipaka msiro, ule mti unaosagwa kwa maji, uso mzima mpaka nikawa mweupe kama ukuta wa msikiti, kisha akanifunika kanga kutoka kichwani mpaka magotini. Akaniambia, "Leo huna macho wala mdomo. Utavipata Olumbi."

Nikatii. Sisi tulikuwa tukiambiwa tunatii, si kama nyinyi mnaouliza kwa nini kabla hamjaambiwa nini.

Sasa, mtu aliyefunikwa macho, masikio yake huamka. Hatujafika mbali nikasikia gari linachechemea. Injini ile, mwanangu, ni kama ngoma nne zinazopigwa kwa zamu: tu, tu, tu, tu. Mimi nikawa nasikia tu, tu, tu, kisha pengo. Tu, tu, tu, pengo. Mpigaji mmoja kalala. Hata wanawake kule nyuma lilikuwa linawapoteza. Wakianza makofi, gari linashtuka linawatoa kwenye wimbo, wanaanza kulaumiana.

"Atija, unapiga makofi kama unafukuza nzi!"

"Si mimi, ni huyu Saidi anaendesha kama anapanda ngazi!"

Mimi kimya chini ya kanga. Tulipoingia kwenye mchanga mwingi gari likatetemeka, likakohoa, likazima.

Penye wengi pana mengi. Saidi akafunua injini, akasema petroli ina maji. Akafungua mrija, akaupuliza, akaurudisha, akawasha. Tu, tu, tu, pengo, likazima tena. Mmoja akasema kitanda kizito. Atija, binti wa shangazi yangu, akasema tumepigwa jicho. Ndipo Mjomba Bakari akashuka kwenye godoro lake. Mungu amrehemu marehemu, lakini ndoa ile hakuitaka. Alikuwa na mwanamume wake aliyenichagulia, mwenye duka, mtu anayekoroma hata akiwa macho. Akasimama katikati ya barabara akasema kwa sauti ya khatibu:

"Jamani, hii ni ishara. Gari likimkataa bibi harusi, na nyumba itamkataa. Turudini Palma."

"Mjomba," Atija akamjibu, "wewe siku ya harusi yako uliangukiwa na nazi. Mbona nyumba yako imejaa watoto?"

Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa na woga ndani. Nikamsikia mama mmoja akisema labda ni kweli. Mwingine akasema tusimwingize mtoto wa watu kwenye nuksi. Kisha nikasikia masufuria yanashushwa. Babu yenu Omari nilimtaka mwenyewe, sikutafutiwa. Na bibi harusi akirudishwa njiani, basi. Mpaka watu waje kukaa tena kuzungumza, kule Olumbi wangekuwa wameshamwonyesha mwingine.

Nikamvuta somo nguo. "Somo," nikanong'ona, "kuna mpigaji mmoja hapigi."

"Mpigaji gani tena?"

"Wa injini. Wako wanne, mmoja kimya. Tangu Palma."

"Tangu Palma! Na umelilalia jambo hilo kama kuku na yai?"

"Si umeniambia sina mdomo."

Akanifinya paja, na mfinyo ule mpaka leo naujua ulipo. "Nilikukataza porojo, sikukukataza akili! Ukiona nyumba inaungua utangoja mumeo akupe ruhusa ya kusema moto? Mficha maradhi, kilio humfichua."

Akafungua mlango akashuka. Bi Mwanacha alikuwa mfupi, lakini akishuka kwenye gari ungedhani amepanda. "Ngoma chini! Midomo chini! Na wewe Bakari, ishara yako iweke chini! Saidi, washa."

Mimi nikainua pindo la kanga, nikachungulia mlangoni. Saidi akawasha, akasimama kichwa upande kama anayesikiliza adhana ya mbali. "Wallahi," akasema, "vela moja haichomi." Vela ndizo plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha moto ndani. "Lakini ni ipi, Bi Mwanacha? Ziko nne."

"Kikaango chenye moto na kisicho na moto wewe huvijuaje?"

Kwa ule ubishi wao mrefu injini ilikuwa imepoa, na sasa ndiyo kwanza inaanza kupata joto. Somo akachovya vidole kwenye maji yetu ya kunywa, akayarusha tone tone, kama tufanyavyo kwenye chuma cha chapati, pale mabomba ya moshi yanapochomoza kwenye injini. La kwanza, chsss! La pili, chsss! La tatu, maji yakateremka tu kama kwenye jiwe. La nne, chsss!

"Mlalaji wenu huyu hapa," akasema.

Saidi akazima gari, akaufuata kwa mkono waya wa plagi ya tatu. Ghafla akakaa mchangani na kuanza kucheka, anacheka hawezi kusema. Asubuhi ile wasichana walikuwa wamelipamba gari kwa kanga na mashada ya asumini, na kamba ya mashada wakaipitisha chini ya kifuniko cha injini, wakaifunga kwenye kitu cha kwanza walichokiona. Kitu chenyewe ni ule waya. Kila shimo la barabara kamba inavuta, mpaka kofia ya plagi ikanyanyuka. Saidi alichungulia asione, maana maua yalikuwa yameziba. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nani kafunga fundo hili?" somo akauliza.

Atija akaziba mdomo kwa kanga. "Nilitaka lisianguke," akasema.

Saidi akaikata kamba, akaisukuma kofia mpaka ikakaa, akawasha. Tu, tu, tu, tu! Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani Olumbi walivisikia. Na wa kwanza kupanda juu ya godoro alikuwa nani? Mjomba Bakari. "Nilijua mimi ni kitu kidogo! Twendeni, mnawachelewesha wakwe!" Akaimba kuliko wote, na makofi ya wanawake safari hii hayakupotea hata mara moja.

Na babu yenu nimekaa naye mpaka leo. Tumekimbia vita hivi vya juzi tukarudi, tumeezeka upya, na ndoa nayo imechechemea mara nyingi, usidhani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Jambo lako likichechemea, iwe nyumba, iwe kazi, iwe urafiki, usiwe na haraka ya kuliita nuksi, wala usilitupe zima kwa ubovu wa kimoja. Wanyamazishe waimbaji kwanza, hata wanaokupenda, maana aliyefunga fundo baya huenda alilifunga kwa mapenzi. Kisha gusa kimoja kimoja mpaka ukijue kilichopoa. Na wewe uliyesikia kasoro mapema, sema mapema. Heshima ni kujua namna ya kusema. Kunyamaza watu wakipotea si heshima, ni uvivu uliovaa kanga.

Mungu akupe mwenza atakayenyamaza ukisema, nawe umnyamazie akisema. Safari yako ifike mchana, mlango uukute wazi, na wali uukute bado wa moto. Amina.