Karatasi ya Mawe Tuliyoyachoma

Mwaka ule kuni za tanuru zilipotuishia kilimani, nilikuwa na miaka ishirini na minane, na hapo ndipo njaa ilipoijua nyumba yetu. Shule niliacha darasa la tatu, mwanangu, sifichi. Nilichojua ni kuchoma mawe yawe chokaa, kazi iliyokula miti yote mpaka vichaka.

Nakumbuka mdogo wangu Ambokile akirudi kutoka Tunduma na karatasi aliyopewa na dereva wa lori. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaitoa, akaandika juu yake.

"Kaka, hili ni jiwe kama letu. Linasagwa, linachanganywa na plastiki ya kuyeyusha. Haukatwi mti."

Nilimcheka, kisha nikaishika ile karatasi mwenyewe. Niliona ugali wa watoto pale.

Tukaokota ndoo mbovu za plastiki za kuyeyusha, tukatafuta mabati ya kubania karatasi. Lakini mchoma chokaa ni mchoma chokaa. Kabla ya kusaga, tukachoma mawe, na kuni tulizopata ni mibuni ya shambani kwa marehemu baba. Bibi Tusekile, aliyetufundisha tanuru, akaja na mkongojo wake.

"Mmeambiwa lisagwe. Nani kawaambia lichomwe?"

"Bibi, jiwe bichi halina weupe," Ambokile akamjibu. "Nani ataandika kwenye karatasi ya rangi ya majivu?"

"Mna kichaa cha moto nyie! Jiwe likichomwa lina kiu, wajukuu zangu. Maji yakiligusa, mtalikimbia."

Tukacheka. Mazoea yana taabu.

Karatasi zilitoka nyeupe kama sembe. Ukungu wa hapa kwetu Mbozi ukaziingia, zikavimba, zikamong'onyoka kama biskuti. Tukiwa bado tunalaumiana, mvua ikavujia pipa la unga wa chokaa uliobaki. Ambokile akakimbia kulifunika. Unga ukachemka, ukamrukia machoni. Tulimmwagia maji, mwanangu, mpaka kisima kikatoa tope. Hakuona tena.

Leo karatasi ya namna ile inapita hapa kwenye malori, ya watu wengine. Kilimani hakuna hata mti wa kufungia mbuzi, na vijana bado wanachoma kwa kuni za kuletwa kutoka mbali. Nawaambia, hawasikii. Nawe sidhani kama utasikia, ila nasema: ukipewa kazi mpya, usiishike kwa mkono wa kazi ya zamani. Uliza kwanza cha kuacha ni kipi.

Nina nyumba ya matofali, ng'ombe watatu, mashine ya kusaga mahindi, na ndugu ninayemshika mkono kwenda chooni. Mungu akutunzie macho yako, na aliye wako akuone ukizeeka.