Mtungi wa Bibi Kule Makumbusho

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani Musoma kuazima mtungi makumbusho, na mpaka leo hasira haijanitoka.

Usinicheke. Kwetu sisi tuliokulia pale, nyumba ya makumbusho haikuwaga mahali pa kuingia kwa kunyata. Kila mwaka kabla ya Krismasi mama zetu walisiriba kuta zake kwa udongo mweupe wa Bugwema. Sisi watoto tulikanyaga tope huku tunatafuna muhogo wa kuchemsha na samaki wadogo wakavu. Bibi yangu, mfinyanzi, aliweka pale mtungi wake mkubwa wa togwa. Aliuweka tu, hakuwapa. Ndivyo ilivyokuwaga: kitu kinakaa makumbusho, ukipata harusi unakichukua, kisha unakirudisha kikiwa bado kinanukia mtama. Wageni wanakuja kukitazama na harufu yake hiyohiyo.

Mama yangu aliolewa kwa togwa ya mtungi ule. Sasa mdogo wangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na Bibi, ambaye mikono yake haiwezi tena kufinyanga, alitaka kitu kimoja tu: togwa itoke mlemle. Nikaenda naye.

Jamani! Kuta zimepakwa rangi ya mafuta, bluu ya choo cha stendi. Mtungi upo mezani kwa dada wa mapokezi, umepigwa vanishi unang'aa kama kiatu cha mgambo, na tako wamelitoboa wapitishe waya. Wameufanya taa! Pembeni kibao kimeandikwa: "Msanii hajulikani."

Nikasonya. "Dada, msanii huyu hapa. Mpe kiti."

"Shikamoo bibi," akasema, macho chini. "Mimi niliukuta hivyohivyo. Kama mnautaka, chukueni tu."

Tuuchukue wa nini? Togwa ingevuja yote. Bibi aliingiza mkono ndani, akapapasa mpaka akalipata tundu, akaliziba kwa kidole gumba.

"Waache na taa yao," akasema. "Twende tukatafute ndoo."

Siku hizi pale ni pasafi, kuna tiketi na ukimya. Ila sijui kama kuna mwanamke hata mmoja, toka Bunda mpaka Butiama, atakayepeleka tena kitu chake na kusema nitakifuata.

Jumamosi togwa ilichotwa kwenye ndoo ya plastiki. Watu walikunywa, wakasifia. Bibi alipopelekewa kikombe, alisema hana kiu.