Siku Niliyoifungulia Ihembe Mvua

Jambo hili nimelificha hata kwa ndugu zangu wa Tanga, maana ningewaambia nini, kwamba mimi Salimu, mtoto wa maalimu, nilikaa mbele za watu kanzu imejaa samadi ya ng'ombe nikakiri kwa mdomo wangu kwamba mvua ya Ihembe nimeifunga mimi? Lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko sokoni, kwa sababu sokoni wameshaliongezea chumvi, huko wanasema nilikuwa na nyoka mfukoni (sikuwa na nyoka, nilikuwa na tasbihi).

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana ni ugonjwa. Mnajua mimi ni mtu wa duka hapa Nyaishozi, naamka, nafungua, nauza sukari na sabuni, nafunga, nalala. Asubuhi tuliyomzika mama, tulipokuwa tunatoka makaburini kila mtu kainamisha kichwa, mimi sijui kwa nini niliinua changu, nikaona upinde wa mvua umesimama juu ya vilima vya upande wa Kyerwa, mzima, huku hadi huku, na mimi niliyekuwa sijatoa chozi tangu msiba uanze nikalia palepale, nikaona kabisa kwamba mama kapokewa na hayuko peke yake. Nikatoa simu nikapiga picha (shemeji yangu alininunia mwezi mzima, eti mazikoni nachezea simu). Tangu siku hiyo mbingu ikibadilika rangi siwezi kukaa. Mawingu yakipasuka jua likapenya, wingu jeusi likipata ukingo mwekundu, natoka nje, napiga, na moyo unanyenyekea kuliko hata ninavyonyenyekea msikitini, Mungu anisamehe. Mke wangu Mwanaidi akiona nimemwacha mteja kaunta alikuwa anamwambia tu, "Subiri kidogo, Baba Zuhura kaitwa."

Sasa Ijumaa moja, baada ya swala, nilipanda pikipiki ya jirani yangu Deusi, ambaye ndiye hunibeba kila nikiwa na mzigo, tukaenda kupeleka sabuni Ihembe. Msimu ule vuli ilikuwa imetuchezea. Watu walipanda maharage kwa mvua ya kwanza, halafu ikawa kila mchana mawingu yanajikusanya, yanadondosha matone, upepo unapita, jua linatoka, basi. Maharage yalishaanza kukunja majani, na watu walikuwa na hasira ila hawakuwa na wa kumkasirikia.

Tulipokaribia Ihembe manyunyu yakaanza, nikamsikia Deusi anasema "leo ni leo," na kabla hatujamaliza mteremko yakakatika, jua likatoka nyuma yetu, na mbele yetu juu ya migomba ukasimama upinde. Si mmoja, mbili, mmoja umeuzunguka mwenzake. Nikamgonga Deusi begani nikamwambia simama kidogo tu. Kidogo hicho ndicho kilichonimaliza.

Kutoka barabarani simu haikuweza kuziingiza zote, kwa hiyo nikaingia shamba la watu, nikawa narudi kinyumenyume ndani ya maharage, mikono juu, simu juu, mdomo unanong'ona Subhanallah, Subhanallah, bila hata kujijua. Mara mguu ukakosa ardhi. Nikatumbukia mzimamzima kwenye shimo lililochimbwa kupandia mgomba, na kwa msiojua, huku kwetu shimo la mgomba huwa halikai tupu, linatiwa samadi kwanza. Kanzu nyeupe ya Ijumaa, fikirieni. Simu nayo ikazama humohumo, nikapiga magoti nikaanza kuchimbua kwa mikono miwili.

Nikahisi kuna mtu. Nikainua kichwa nikaona mama mmoja amesimama na jembe ananitazama, nikamwambia kwa adabu zote, "Hujambo mama, samahani, kuna kitu changu humu." Akaliachia jembe likaanguka, akapiga yowe.

Yowe nilikuwa nalijua kwa upande wa wanaokimbilia. Ukiwa ndiye unayekimbiliwa ni kitu kingine kabisa. Watu walitokea kwenye migomba pande zote, na kwa kuwa walikuwa mashambani kila mmoja alikuwa na jembe au panga, sikumwona hata mmoja mwenye mikono mitupu. Wakanitoa shimoni kwa kunivuta kanzu. Mwenye shamba, mzee mwembamba anayeitwa Byarugaba, mpole wa sauti, akaniuliza, "Ulikuwa unafukia nini humo?"

"Shikamoo mzee. Sifukii, nafukua." (Jibu gani hilo, nawauliza.)

Wakafukua wao wakaipata simu. Mfukoni mwangu wakaitoa tasbihi, wakaiweka chini kwa ncha ya panga kana kwamba inauma. Simu ilikuwa bado inawaka, nami nikaifungua nikijua sasa nimepona, wataona picha, watanicheka, wataniacha niende. Byarugaba akawa anazipitisha taratibu. Wingu. Upinde. Wingu. Jua ndani ya wingu. Upinde. Hakuna mtu hata mmoja, hakuna hata picha ya mke wangu, na kadiri alivyozidi kupitisha ndivyo watu walivyozidi kunisogelea.

Hapo Deusi akaona anitetee, akaanza na lile neno la heshima la huku. "Waitu mzee, huyu si mwizi, mimi namfahamu, ni wa duka pale Nyaishozi. Kazi yake ni hiyohiyo. Kila mvua ikitaka kunyesha ananisimamisha, anapiga picha yake, mvua inaacha, tunaendelea na safari."

Na alichosema kilikuwa kweli, ndicho kilichoniogopesha. Upinde hauonekani mpaka jua litoke, na jua likitoka mvua nayo imeshaondoka, kwa hiyo mimi kila mara nilikuwa nafika mwisho wa shughuli. Lakini mtu aliye shambani anaona nini? Anaona mtu wa kanzu kanyoosha mikono juu, ananong'ona maneno yasiyoeleweka, na mvua inakimbia. Hata mimi ningejishuku.

"Ndiye," akasema yule mama.

Kijana mmoja akasogea na panga. Byarugaba akamzuia kwa mkono, bado na ile sauti yake ya upole. "Tusimguse. Akifa nayo mvua tutaipata wapi? Afungue kwanza."

Mnisikilize vizuri, alisema "kwanza." Neno hilo mpaka leo nikilikumbuka natoka jasho.

Nikaapa. Nikawaambia mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, mimi ni mtazamaji tu wa kazi yake, lakini kila nilipolitaja jina la Mungu kwa Kiarabu walirudi nyuma na mapanga yakapanda juu. Nikamwona akilini binti yangu Zuhura anarudi kutoka shule anakuta watu wamejaa uani, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Basi, mzee. Nitafungua."

Sikujua mvua inafunguliwaje, ila kwa bahati wao walijua. Wakasema nizifute picha, moja moja, kila moja ikitoka niwaonyeshe. Nikafuta. Ilipofika ile ya siku ya kumzika mama kidole kikakataa, nikawaambia hii ni ya msiba wangu, haihusiki, na yule mama akasema, "Basi hiyo ndiyo yenyewe." Nikaifuta, nikawaonyesha.

Halafu wakanikalisha uani kwa Byarugaba, tukasubiri. Hapo ndipo nilipoijua hofu, jamani, yale ya shimoni yalikuwa mchezo. Kwa miaka nilikuwa naitazama mbingu naona uzuri wa Mungu, na sasa nikaitazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu, nikaona bluu tupu, safi, ile niliyokuwa naisifia kwa watu, na kila ilipozidi kung'aa watu walizidi kunitazama. Kijana mwenye panga alichuchumaa mbele yangu. Alasiri ikaingia ikapita, sikuthubutu kusimama niswali, maana midomo ikicheza tu wangesema nafunga tena. Niliomba moyoni, na hata moyoni nilikuwa naomba polepole. Nikamtazama Deusi, naye akatazama kando.

Wingu lilipochomoza nyuma ya kilima sikuliamini. Likaja, likasita, mimi nikasita nalo. Upepo ukapiga migomba, harufu ya vumbi ikapanda, kisha ikashuka mvua, si manyunyu, mvua ya kweli, ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Hakuna aliyekimbilia ndani. Wanawake walipiga vigelegele, yule mama wa jembe alisimama mdomo wazi akiyanywa maji, nami nikalia, na samadi ikawa inanitiririka mpaka kwenye viatu.

Byarugaba akanipa mkono, akainama sikioni kwangu ili nimsikie. "Ulikuwa na ugomvi gani na sisi?"

Palepale, jamani, nilikuwa na nafasi. Mvua inanyesha, panga limewekwa chini, watu wanacheka. Ningeweza kusema mzee, sikuifunga na sikuifungua, mshukuruni Mungu mwenyewe. Nikasema, "Hakuna tena, mzee. Yamekwisha."

Akasema wamenisamehe. Wakamfungia Deusi mkungu wa ndizi kwenye pikipiki, zawadi yangu, tukarudi Nyaishozi tumelowa. Nilipomweleza Mwanaidi hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu, "Na ukawaacha waamini?"

Tangu hapo simu yangu ni ya kupigia na kupokea tu, na nimeapa kwamba sitanyanyua tena kamera kuelekea juu, wala mdomo wangu hautachukua tena shukrani za Mungu zikawa zangu. Lakini nimechelewa kuapa. Wiki iliyopita alikuja dukani mama kutoka Kyerwa, akapiga magoti kabisa pale kwenye kaunta, akasema mahindi yao yanaungua, na nilipomwambia mama, inuka, mimi siwezi kitu, niliona kwenye macho yake kwamba hakuelewa siwezi, alielewa sitaki. Aliondoka bila kuaga.

Na sasa jua hili mnaliona wenyewe. Tangu wiki hiyo halijadondoka tone. Jana mchana Mzee Byarugaba alikuja dukani kwangu, akanunua chumvi, tukasalimiana vizuri tu, hakuniuliza kitu. Alipofika mlangoni akasimama, akatazama juu, akageuka akanitazama mimi, kisha akaondoka taratibu.