Ubao wa Kupimia Mto

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na ya tope bichi na majani ya magimbi hunirudisha Lukwele, kijiji chetu kwenye mteremko wa Uluguru unaoitazama Morogoro Mjini. Nilikuwa darasa la sita, na ile ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba ilipanda mlimani juu ya vichwa vya akina mama waliotoka Mwembesongo, huko mjini, na wanunuzi wa kabichi na karoti walikuja na pikapu zao mpaka pale barabara ilipoishia. Kila kitu kilianza kupata mnunuzi. Hatukujua kwamba hata mto wetu ulikuwa umempata wa kwake.

Mwalimu Atupele, aliyetufundisha sayansi, alikuwa mwenyeji wa Mbeya, na hakukubali neno tupu, liwe letu au lake mwenyewe. Siku tuliyomwambia kwamba mto hupungua kila kiangazi, aliuliza hupungua kiasi gani. Wiki ile ile akatafuta ubao wa mninga, akauchora kwa rula mistari myekundu yenye namba, tukaenda wote kuufunga kwenye mwamba, hapo wanawake walipochotea maji. Kisha akaniteua mimi niwe msomaji wake, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na mto. Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mfungo. Nipime kila asubuhi, saa ile ile, kabla watu hawajaanza kuchota. Nisimame mahali pale pale na kusubiri maji yatulie. Niandike nikiwa bado mtoni, kwa kalamu ya wino, kwa sababu penseli hufutika na kichwa husahau. "Zuhura," aliniambia, "usiandike kitu ambacho jicho lako halikukiona."

Nilianza kwa fahari nikaendelea kwa uvivu. Asubuhi za mlimani zina baridi inayopenya hadi kwenye meno, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliusikia mto kabla ya kuuona. Mama alinung'unika kwamba amezaa karani badala ya mtoto wa kumsaidia shambani. Ilipoingia masika, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ya tatu sikutoka kitandani. Niliangalia namba ya jana, nikaongeza mbili, nikaandika. Namba yenyewe ilipendeza, ikakaa vizuri kati ya wenzake. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu Atupele alilifungua daftari siku hiyo hiyo, akaniuliza maji yalikuwa na rangi gani asubuhi. Nikasema ya kahawia. Akasema yeye alipita darajani saa hiyo, na ubao wote ulikuwa umezama, hata namba ya juu haikuonekana.

Nilitarajia fimbo. Hakunipiga. Alinipa kalamu, na nilipoanza kuisugua ile namba ili ipotee, akanishika mkono. "Usifute. Piga mstari mmoja, kosa lisomeke, halafu pembeni andika ukweli." Nikaandika, machozi yakidondoka kwenye karatasi: Leo sikupima. Niliuchukia mstari ule. Kwenye ukurasa safi ulikuwa kama kovu usoni, na kila nilipofungua daftari macho yangu yalikwenda hapo kwanza. Lakini tangu siku hiyo sikuandika tena namba ambayo sikuiona, na siku nilizougua malaria niliziacha wazi.

Haba na haba hujaza kibaba. Daftari la kwanza lilijaa, likafuatiwa na la pili, masika yakapita, kiangazi kikaja na kwenda, vuli ikanyesha. Ndipo wageni wa kampuni walipofika, wakiongozana na mhandisi mwenye kofia ya turubai. Walitaka kuuvuta mto kwa bomba kubwa hadi bondeni, kwenye shamba la mboga za kuuza nje. Waliahidi ajira, waliahidi mabati ya shule. Mkutano uliitishwa uwanjani kwetu, na watu wengi walikuja wakiwa wamekwisha kubali moyoni. Mhandisi alieleza kwa upole, kwa ufasaha, na bila dharau. Alikuwa amepima mto mara mbili tusipojua, Aprili na Desemba, akatafuta wastani, na wastani huo ulionyesha kwamba bomba lingechukua nusu tu ya maji. Nusu nyingine ingebaki kwetu mwaka mzima. Mwenyekiti wa kijiji alishaanza kutafuta kalamu mfukoni.

Mwalimu Atupele aliomba nafasi, lakini hakusema yeye. Alinisukuma mbele na madaftari yangu. Nilimwamkia mhandisi shikamoo, akaitikia, kisha nikaanza kusoma namba za Septemba, moja baada ya nyingine, siku kwa siku. Zilikuwa ndogo. Za Oktoba zilikuwa ndogo zaidi, na kuna wiki nzima maji yalikuwa chini ya mstari wa kwanza. Wanawake walizitambua zile siku. Ndizo walizokuwa wakichota kwa kata, wakisubiri dimbwi lijae tena. Mama, ambaye hajui kusoma, alisimama kutoka kwenye majani alikoketi.

"Bwana mhandisi," akasema, "hiyo Oktoba tutakunywa nini? Huo wastani?"

Watu walicheka, ila mhandisi hakucheka. Aliomba madaftari, akayapekua polepole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika kwenye ule mstari wa kosa. Akaniuliza hapa palikuwa na nini. Ningeweza kusema nilikosea kuandika. Nilimtazama mwalimu, naye akatazama mlimani.

"Nilitunga namba," nikasema. "Sikwenda kupima."

Mhandisi akauliza leo nilisoma ngapi, nikamwambia. Akashuka mtoni mwenyewe na suruali yake safi, nusu ya kijiji ikimfuata, akainama kwenye ubao, akasubiri maji yatulie kama nilivyofundishwa mimi. Namba ilikuwa ile ile. Alipoinuka alikuwa ameloa hadi magotini, akawageukia watu wa kampuni.

"Mimi nilipima mvua," akawaambia. "Mtoto huyu amepima mto. Daftari linaloonyesha kosa lake ndilo ninaloweza kuliamini."

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo navisikia hadi leo. Mkataba uliandikwa upya: kampuni ichimbe bwawa bondeni, ivute maji wakati wa mvua, na maji yakishuka chini ya mstari wa kumi, bomba lifungwe. Mabati ya shule tuliyapata vilevile. Mama alinibeba mgongoni kama mtoto mchanga, mimi mwenye miaka kumi na mitatu, na tangu siku hiyo hakulalamika tena juu ya karani wake.

Sasa ninafanya kazi ya takwimu mjini. Namba hunifikia kwa maelfu kabla sijamaliza chai, zimekwisha pangwa na kuchorwa rangi, nami sihitaji kulowesha hata kidole. Tunakwenda mbali na tunakwenda haraka, na sitaki kurudi nyuma. Lakini ninapowasilisha ripoti ukumbini, wakubwa wakichungulia simu zao, huwakumbuka wakulima wale waliokuwa juani, wengi wao wasiojua kusoma, wakisikiliza tarakimu za siku sitini bila mtu kukohoa. Nimewahi kuwa na wasikilizaji wasomi zaidi. Wenye kiu kuliko wale, sijapata tena.